Kenge wa Komodo na Kipepeo wa Malkia Alexandra: Hatima Inayoamuliwa Utotoni

Katika safu ndefu ya visiwa iliyo kati ya bara la Asia na bara la Australia wanaishi viumbe wawili ambao kila mmoja ni mkubwa kuliko wenzake wote wa aina yake duniani, na ambao wote wawili wamo katika orodha ya viumbe walio hatarini kutoweka. Wa kwanza ni kenge wa Komodo, mjusi mkubwa kabisa aliye hai leo, anayepatikana katika visiwa vichache vya mashariki ya Indonesia. Wa pili ni kipepeo wa Malkia Alexandra, kipepeo mkubwa kuliko wote duniani, anayepatikana katika Mkoa wa Oro peke yake, upande wa kusini-mashariki wa Papua New Guinea. Vitabu vya uhifadhi huwatenga viumbe hawa, mmoja akiwekwa katika sura ya reptilia na mwingine katika sura ya wadudu, na matokeo yake ni kwamba jambo muhimu linalowaunganisha hupita bila kutazamwa. Hoja inayotetewa katika makala hii ni kwamba umaarufu wa wote wawili umejengwa juu ya umbo la mnyama aliyekomaa, na kwamba sheria na fedha za ulinzi zimeufuata umaarufu huo, ilhali kudumu kwao huamuliwa katika umri mchanga, mahali ambapo mlinzi hafiki na mtalii hapigi picha.

Wataalamu wa Ulaya waliwafahamu viumbe hawa karibu wakati mmoja, na kwa njia zinazofanana. Mwaka 1906 Albert Stewart Meek, aliyekuwa akikusanya wanyama na wadudu kwa niaba ya Walter Rothschild wa Uingereza, alimpata katika misitu ya New Guinea kipepeo jike aliyekuwa akiruka juu mno kiasi cha kutofikiwa na wavu, akamwangusha kwa bunduki ya marisau. Mwaka uliofuata Rothschild alimweleza kitaalamu na kumpa jina la Alexandra, mke wa Mfalme Edward wa Saba. Mwaka 1910 ofisa wa Kiholanzi aliyekuwa Flores, van Steyn van Hensbroek, alisikia habari za "mamba wa nchi kavu", akaenda Komodo, akaua mmoja na kupeleka ngozi na picha kwa Peter Ouwens, mkuu wa makumbusho ya wanyama ya Buitenzorg, mji ambao leo huitwa Bogor. Ouwens akachapisha maelezo ya kwanza ya kitaalamu mwaka 1912. Ni wazi kwamba wenyeji hawakuwa na haja ya ugunduzi huo. Watu wa Komodo, ambao humwita mnyama huyu ora, wana masimulizi ya kale ya binti wa kifalme aliyezaa pacha, mmoja mtu na mwingine kenge, na kwa masimulizi hayo kenge ni ndugu ambaye hapaswi kudhuriwa. Uhusiano huo wa kindugu ulikuwa ulinzi kabla ya sheria yoyote kuandikwa, na inafaa ukumbukwe kila panapozungumzwa habari za kuwahamisha watu hao kwa ajili ya kumhifadhi mnyama.

Msomaji wa Afrika Mashariki anamjua kenge. Yule wa kando ya mito na maziwa, anayefukua mayai ya mamba, na yule wa nyika kavu, wote ni wa jenasi moja na kenge wa Komodo, yaani wamo katika kundi moja la spishi zenye nasaba ya karibu. Tofauti kubwa ni ya umbo. Dume la Komodo hufikia urefu wa mita 2.6 kwa kawaida na wachache hukaribia mita 3, wakiwa na uzito wa kilo 70 hadi 90, na huwinda wanyama ambao kenge wa Afrika hawathubutu kuwagusa: nguruwe mwitu, nyati wa majini, na zaidi ya wote kulungu wa Timor, mnyama mwenye pembe za matawi ambaye ndiye chakula chake kikuu. Kwa muda mrefu ilidhaniwa kwamba windo lililoumwa hufa kwa sababu ya bakteria waliomo katika mate ya kenge. Utafiti uliochapishwa mwaka 2009 na Bryan Fry na wenzake ulionyesha tezi za sumu katika taya la chini, sumu ambayo huzuia damu kuganda na kushusha msukumo wake. Mwaka 2024 watafiti wengine walieleza kwamba ncha na kingo za meno ya mnyama huyu zina tabaka jembamba la madini ya chuma linaloyapa rangi ya chungwa na kuyaweka makali.

Kipepeo wa Malkia Alexandra naye ni wa kustaajabisha kwa kipimo cha wadudu. Jike, ambaye ndiye mkubwa, hufikia upana wa sentimita 25 na zaidi kutoka ncha ya bawa moja hadi ncha ya jingine, sawa na sahani ya kulia wali, na mabawa yake ni ya kahawia yenye mabaka ya rangi ya maziwa. Dume ni mdogo kuliko jike lakini ana mabawa ya buluu na kijani yanayong'aa, na tumbo la manjano ya dhahabu. Wote huruka juu ya vilele vya miti, hasa asubuhi na jioni, wakifyonza nekta ya maua yaliyo mbali na macho ya mtu aliye chini. Kwa sababu hiyo ni rahisi kuishi miaka mingi katika kijiji cha Oro na kumwona mara chache sana.

Ukubwa huo, wa meno na wa mabawa, ndio uliovuta macho ya dunia. Lakini hakuna hata mmoja kati yao anayezaliwa mkubwa, na hapo ndipo panapostahili kukaliwa kwa utulivu.

Jike la kenge wa Komodo hutaga takriban mayai 20, aghalabu mwezi wa Agosti au Septemba, na mara nyingi hutumia vichuguu vya majani na udongo vilivyojengwa na ndege aitwaye kwale-mguu-mkubwa, ambaye hufukia mayai yake mwenyewe ili joto la majani yanayooza liyaangue. Mayai ya kenge hukaa ardhini miezi saba hadi minane, na vitoto hutoka mwishoni mwa mvua, wakati wadudu ni wengi. Kitoto kina urefu wa sentimita 40 hivi na uzito unaokaribia gramu 100, na hakina sura ya mzazi wake: ngozi ni ya madoadoa na mistari ya manjano, kijani na nyeusi, na kucha ni za kupandia. Mara kinapotoka ardhini hukimbilia mtini, kwa kuwa adui yake wa kwanza ni kenge mkubwa, ambaye humla kitoto wa spishi yake bila kusita. Kwa miaka kadhaa mnyama huyu atakayekuja kuangusha kulungu huishi juu ya matawi, akila panzi, mende, mijusi kafiri na mayai ya ndege, hadi uzito wenyewe umlazimishe kushuka. Kwa hiyo kenge wa Komodo anahitaji mazingira mawili kwa wakati mmoja: mbuga na pori la wazi lenye kulungu kwa ajili ya wakubwa, na miti yenye magome yaliyobanduka na mashimo kwa ajili ya wadogo. Moto unaowashwa ili majani mabichi yaote kwa ajili ya kulungu au mifugo humsaidia wa kwanza na kumnyima makao wa pili, na hesabu ya kenge wakubwa wanaoonekana karibu na njia za watalii haiwezi kufichua hasara hiyo mpaka miaka mingi iwe imepita.

Utoto wa kipepeo ni mwembamba zaidi. Jike hutaga mayai yake kwenye mmea mmoja mtambaazi wa jenasi ya Aristolochia, na viwavi hawali kitu kingine. Mtambaazi huo hupanda miti hadi kwenye paa la msitu, mita 40 juu, na majani yake yana sumu. Kiwavi anapoanguliwa hula kwanza ganda la yai lake, kisha majani laini machanga, na sumu ya mmea hubaki mwilini mwake na kumfanya awe mchungu kwa ndege. Rangi yake nyeusi iliyokolea, vinundu vyekundu mgongoni na mkanda wa rangi ya maziwa katikati ya mwili ni onyo kwa yeyote anayetaka kumwonja. Akishakomaa hugeuka kuwa pupa, yaani hatua ya kutulia ndani ya ganda gumu ambamo mwili wa kiwavi huvunjwa na kujengwa upya kuwa kipepeo. Safari yote kutoka yai hadi mabawa huchukua takriban miezi minne, muda mrefu kwa kipepeo, na katika muda huo wote uhai wake umefungwa kwenye shina moja. Mtu akikata mtambaazi huo wakati anasafisha shamba la muhogo au taro, pengine bila kujua kuna nini juu yake, amekwisha kufanya kazi ambayo mwindaji mwenye wavu asingeweza kuifanya kwa mwaka mzima.

Utegemezi huo ndio unaoeleza historia ya kusikitisha ya uwanda wa Popondetta, huko Oro. Tarehe 21 Januari 1951 mlima Lamington, ambao wengi hawakujua kuwa ni volkano, ulilipuka na kuua watu wapatao 3,000. Katika majivu na moto wake uliteketeza pia takriban kilomita za mraba 250 za msitu uliokuwa makao bora ya kipepeo huyu. Udongo wa volkano una rutuba, na msitu ungeweza kurudi, ila rutuba hiyohiyo iliwavuta wenye mashamba. Kuanzia miaka ya 1970 uwanda ulipandwa michikichi kwa ajili ya mafuta ya mawese, na vipande vya msitu vilivyobaki vikatenganishwa na safu za mti mmoja usio na faida yoyote kwa kiwavi. Ifahamike kwamba wakulima wengi wa Oro walipanda michikichi kwa hiari na kwa haki, kwa kuwa ardhi ni ya koo zao, nao walihitaji ada ya shule na zahanati kama wakulima wengine wote. Kuwalaumu wao ni kukwepa swali gumu zaidi, nalo ni kwa nini msitu uliosimama haukuwaletea kitu chochote.

Jibu la swali hilo kwa sehemu liko katika sheria. Papua New Guinea ilimlinda kipepeo huyu tangu miaka ya 1960, kabla hata ya uhuru wake wa 1975, na mkataba wa kimataifa unaosimamia biashara ya spishi zilizo hatarini umemweka katika kiambatisho chake cha kwanza, ambacho hukataza kabisa biashara ya kawaida. Katazo hilo lilikuwa na sababu, kwa maana wakusanyaji wa Ulaya, Marekani na Japani walikuwa tayari kulipa maelfu ya dola kwa jozi moja, na mwaka 2007 mahakama ya Los Angeles ilimhukumu kifungo mfanyabiashara mmoja wa magendo aliyekuwa akiuza vipepeo adimu, wakiwamo hawa. Hata hivyo sheria imemlinda kipepeo aliyekamilika dhidi ya sindano ya mkusanyaji, na haikusema neno juu ya shoka linalokata mtambaazi. Mwenye ardhi akipatikana na kipepeo mmoja ni mkosaji. Akifyeka hekta nzima ya viwavi ni mkulima.

Nchi hiyohiyo inajua njia nyingine. Mwaka 1978 ilianzisha huko Bulolo wakala wa ufugaji na uuzaji wa wadudu, ambao huwanunulia wanakijiji vipepeo wa spishi zinazoruhusiwa, na wanakijiji hao hupanda mimea ya viwavi kando ya bustani zao ili vipepeo waje wenyewe. Wazo la namna hiyo limezaa matunda pia katika pwani ya Afrika Mashariki. Karibu na magofu ya Gede nchini Kenya, mradi wa Kipepeo ulioanza mwaka 1993 umewawezesha wakulima wanaopakana na msitu wa Arabuko-Sokoke kufuga viwavi na kuuza pupa kwa maonyesho ya ng'ambo. Huko Amani, katika milima ya Usambara Mashariki nchini Tanzania, mradi unaofanana nao ulianza mwanzoni mwa miaka ya 2000. Uzoefu wa Amani una funzo chungu. Mwaka 2016, Tanzania ilipopiga marufuku usafirishaji wa wanyamapori hai kwenda nje ya nchi, pupa waliofugwa nyumbani waliingizwa katika katazo hilo pamoja na wanyama wa mwituni, na wafugaji wa Amani wakapoteza soko lao. Hapo pia sheria ilimtazama mnyama na kusahau mmea anaoula, pamoja na mtu aliyeupanda.

Kwa kenge wa Komodo hali ni tofauti kwa namna ambayo mara nyingi huonekana kama ushindi. Sultani wa Bima alitoa amri ya kumlinda mwaka 1915, serikali ya Kiholanzi ikafuata, Hifadhi ya Taifa ya Komodo ikaundwa mwaka 1980 na kuingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 1991. Ina ukubwa wa kilomita za mraba 1,817, ambazo sehemu kubwa ni bahari, ina askari wa wanyamapori, na ina wageni wanaolipa. Mnyama anayeonekana hujitafutia fedha za ulinzi wake, jambo ambalo kipepeo wa vileleni hawezi. Lakini fedha hizo zina gharama yake: mwaka 2019 ilitangazwa nia ya kukifunga kisiwa cha Komodo na kuwahamisha wakazi wake, nia ambayo iliachwa baada ya upinzani, na mwaka 2022 mpango wa kupandisha kiingilio hadi rupia 3,750,000 ulisababisha mgomo wa watoa huduma za utalii mjini Labuan Bajo, ukaahirishwa na hatimaye kufutwa. Mjadala wote ulihusu nani amwone kenge na kwa bei gani.

Kisiwa cha Padar kinatoa ushahidi mzito kuliko mjadala huo. Kimo ndani ya hifadhi, watalii hupanda kilima chake kutazama ghuba zake tatu, lakini kenge wake walitoweka. Hilo lilitokea katika robo ya mwisho ya karne ya 20, wakati ujangili ulipowamaliza kulungu. Hakuna aliyehitaji kuua kenge. Katika visiwa vidogo vya Gili Motang na Nusa Kode, ambako mawindo makubwa ni haba, kenge wapo lakini ni wadogo zaidi kwa umbo kuliko wa visiwa vya Komodo na Rinca, kwa maana ukubwa wenyewe unaosifiwa ni hesabu ya kulungu iliyoandikwa mwilini. Na Flores, kisiwa kikubwa ambako kenge wengi huishi nje ya maeneo yenye ulinzi, pori linageuzwa mashamba na makazi, na kitoto cha kenge kinachoshuka mtini hukutana na mbwa wa kijiji. Ni vitoto pia wanaofaa kufichwa na wauzaji wa magendo: mwaka 2019 polisi wa Java Mashariki walivunja mtandao uliokuwa ukiwauza kenge wachanga kupitia mitandao ya kijamii.

Mwaka 2021 Shirika la Kimataifa la Uhifadhi wa Mazingira Asilia lilimpandisha kenge wa Komodo kutoka daraja la spishi zenye udhaifu hadi daraja la spishi zilizo hatarini kutoweka, likikadiria kwamba waliokomaa mwituni hawafiki 1,400. Sababu iliyotiliwa mkazo haikuwa ujangili. Ongezeko la joto na kupanda kwa bahari vinatarajiwa kupunguza makao yake kwa asilimia 30 au zaidi katika miaka 45 ijayo, na maeneo yatakayofunikwa ni mabonde ya chini na tambarare za pwani. Askari mwenye bunduki hana la kufanya dhidi ya maji hayo, na kenge wa Gili Motang hana mahali pa kupanda.

Upo utofauti mmoja unaompa kenge nafasi ambayo kipepeo hana. Kenge huzaliana katika bustani za wanyama, na mwaka 2006 ilithibitishwa huko Chester na London kwamba jike anaweza kuzaa bila dume, uzazi unaoitwa pathenojenesisi, ingawa vitoto wanaotokana na uzazi huo huwa madume peke yake. Kwa hiyo ipo akiba nje ya pori, hata kama ni akiba finyu kwa nasaba. Kipepeo hana akiba inayolingana na hiyo, kwa sababu kumfuga kunaanza na kuotesha mtambaazi wa msituni na kuungoja ukomae, na majaribio ya karibuni ya kumzalisha yamelazimika kufanyika hukohuko Oro, miongoni mwa mashamba ya michikichi yaliyochukua nafasi ya msitu wake.

Mahali pekee ambapo njia ya kufaa imeanza kuonekana kwa upana ni nyanda za juu za Managalas, kusini ya uwanda wa Popondetta, ambako koo zenye ardhi zilijadiliana kwa zaidi ya miongo mitatu kabla ya eneo lao la zaidi ya hekta 200,000 kutangazwa rasmi kuwa hifadhi mwaka 2017. Hifadhi hiyo haikuwanyang'anya ardhi. Wanaendelea kulima kahawa na bustani zao, na wao ndio wanaokubaliana ni wapi pafyekwe na ni wapi paachwe. Kinachokosekana ni malipo. Ikiwa mkataba wa kimataifa utaruhusu siku moja idadi ndogo ya vipepeo waliofugwa kwenye mitambaazi iliyopandwa na wenye ardhi, wakiwa na alama na hesabu ya wazi, fedha ambazo leo huingia mifukoni mwa walanguzi zitamfikia mtu anayeamua hatima ya shina. Kwa upande wa Flores, gharama inayolingana nayo ni ya kuwalipa fidia wanakijiji ambao mbuzi wao huliwa na kenge, kuwafungia mbwa, na kuhesabu kulungu kila mwaka kwa umakini uleule unaotumika kuhesabu kenge na wageni.